Hawakuwa Mbwa Saba

Kwanza, mbwa walionifuata hawakuwa saba. Walikuwa wanne, na huyo wa nne alikuwa mtoto, hata kumhesabu ni kumwonea. Nasema mapema kwa sababu swahibu yangu, yule wa tuktuk mnayemjua, keshaisambaza video Malindi nzima na maneno yake chini: "Bwana harusi na wapambe wake saba." Shangazi yangu yuko Mambrui, simu yake hata picha haifungui vizuri, lakini hii imefunguka.

Basi nisikilizeni mimi mwenyewe, kanzu bado iko kambani.

Mnajua naoka keki. Sasa kuna signora mmoja, bibi wa Kitaliano wa huko Casuarina, ana mbwa mnene, mnene wa kwamba akitaka kujikuna hufikiri kwanza. Daktari wa mifugo kamkataza tambi na mabaki ya mezani. Signora akaniuliza kama naweza kumwokea biskuti za afya. Za nani? Za mbwa. Nikacheka, akataja bei, nikaacha kucheka.

Masharti yake sasa! Sukari hakuna, chumvi hakuna. Kitunguu, kitunguu saumu, zabibu na chokoleti hata visipite karibu na bakuli, kwa mbwa hizo ni sumu. Siagi ya karanga ya dukani nisome kibandiko kwanza, maana kuna sukari bandia moja yaitwa zailitoli, mbwa akiila yaweza kumuua. Nikaona tabu yote ya nini, nikakaanga karanga zangu mwenyewe nikazitwanga. Nikachemsha boga nikaliponda, nikatia unga wa shayiri, mayai mawili, na maini ya ng'ombe yaliyochemshwa na kusagwa. Maini kidogo tu, alisisitiza, yakizidi nayo yana madhara yake. Nikakata vipande sitini. Umbo la mfupa lilinishinda, nikakata umbo la kileja kama ninavyojua.

(Ndiyo, wale wanaouliza: mamangu alikula viwili. Alivikuta mezani, akavichovya chai, akaniambia, "Mwanangu, leo umesahau sukari." Nilipomwambia ni vya nani akanitazama, akatazama kikombe, akamaliza chai yake. Humo mna boga na maini ya halali, hamna neno.)

Kosa langu ni moja, na signora alinionya: biskuti hizi zikishaiva uzime oveni, uziache humohumo zikauke mpaka ziwe ngumu, kisha zipoe kabisa, maana kwa unyevu wetu huu wa pwani zikiwa laini siku mbili tu zishaota ukungu. Mimi? Ilikuwa Ijumaa, saa sita unusu yaniita. Nilishaoga, nishavaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, nishajipaka udi. Nikazitoa za moto nikazimimina kwenye mfuko wa khaki, nikapiga simu tuktuk. Nizifikishe kwa signora, nirudi niwahi swala. Hesabu nzuri kabisa.

Tulipokaribia soko tuktuk ikakohoa ikanyamaza. Mafuta. Swahibu akaniambia, "Tembea bwana, utapata nyingine hapo mbele." Nikashuka. Laiti ningemuuliza mbona yeye anatoa simu mfukoni.

Nikatembea. Na wallahi ile siku nilitembea vizuri. Mkono mmoja mfuko, mmoja nimeachia upepo. Naona watu wananitazama. Mwenye duka kasimama mlangoni, ananitazama. Wanawake wa bajia wameacha karai, wananitazama. Nikajua ni kanzu. Nikatoa salamu kulia, nikatoa salamu kushoto, "Asalaam aleikum, asalaam aleikum," kwa sauti ya mtu aliyetoka Maka juzi. Kijana mmoja akapiga vigelegele. Hata hilo nikalipokea, nikampungia mkono.

Kumbe biskuti za moto hutoa mvuke, na khaki haiwezi mvuke. Mfuko ulishalowa chini, umefunguka tundu la ukubwa wa kileja kimoja. Kila hatua tano, sita, kimoja kinashuka. Nyuma yangu mbwa koko watatu na mtoto wao, wamejipanga, hawabweki, hawasukumani. Wa mbele anaokota, anakula, anampisha mwenziwe. Sijaona hata kwenye foleni ya benki adabu kama ile.

Mzee mmoja aliyekuwa akielekea msikitini akanishika kiwiko. Akasema taratibu, kama mtu anayekwambia una ndizi kwenye ndevu: "Mwanangu, hao ni wako?"

"Akina nani, baba?"

Nikageuka. Nao wakasimama. Yule mkubwa akakaa kitako, akanitazama usoni, kisha akautazama mfuko, kisha mimi tena. Pale ningeuachia mfuko nikaondoka zangu, leo tusingekuwa hapa. Lakini mimi ni muuzaji. Nilipoona kitako cha mfuko kinaachia, mikono yangu haikuniuliza. Nikakamata pindo la kanzu, nikalikinga kama mtoto anayeokota embe. Biskuti zote zikamiminika humo. Za maini. Za moto. Ndani ya kanzu.

Wale watatu walisita, nakiri, walikuwa na heshima zao. Ni yule mtoto. Alikuja kwa miguu yake mifupi, akasimama kwa miwili, akatia kichwa kizima kwenye kanzu yangu, akalamba. Biskuti, kitambaa, kidole changu, kitambaa tena. Hana haraka. Nilikuwa nimeganda na kanzu imepanda mpaka magotini, Malindi nzima inaziona bukta zangu, na harufu ya udi imechanganyika na maini.

Nikapiga ukelele ambao kwenye video unasikika kama wa mama mzima. Hilo swahibu hakuliongeza, ni langu.

Mengine yakaenda mbio. Mferejini kwa msikiti, kuosha mate ya mbwa, mara saba, moja kwa udongo, na wazee wanne wananihesabia kwa sauti: "Tano! Hiyo haikufika chini, rudia!" Wawili wakabishana kama mchanga wa pwani unafaa au lazima udongo wenye vumbi. Mtu akaja na udongo mwekundu kwenye kopo. Kanzu ikawa rangi ya bahari yetu mto Sabaki ukifurika. Mwenye duka akaniazima kikoi, nikaswali safu ya mwisho, nachuruzika maji. Signora nilimwokea upya Jumamosi, nikazikausha usiku kucha. Mbwa wake kazipenda, anataka za kila wiki.

Jana nilipita palepale nikienda sokoni, mikono mitupu. Yule mtoto alikuwa amekaa kivulini, pale nilipogeukia. Aliponiona akasimama.

Nikapanda boda.