Tungeanzishiwa na "hu-"

Nyumbani hakuna aliyewahi kuniuliza naamka saa ngapi. Waliohitaji kujua walikuwa wakiniona. Huku ughaibuni nimeulizwa na nesi, na msimamizi wa kazi, na mwalimu wa mtoto, hata na jirani wa chini anayesikia maji yakimwagika alfajiri. Ukiishi mbali na watu wako, siku yako inabidi uieleze kwa maneno, tena kwa watu wasioiona. Kiingereza kina umbo lake la kazi hiyo, lile ambalo darasani tuliliita "present simple".

Umbo hilo nililijua, na mtihani nilifaulu. Mdomoni ndipo lilipokataa.

Mwaka wangu wa kwanza nilimwambia msimamizi: "I am taking my child to school at eight." Kichwani nilikuwa nikisema "nampeleka mtoto shule saa mbili", yaani kila siku. Yeye alisikia jambo la wiki ile tu. Ratiba iliyofuata ilinipanga zamu ya asubuhi siku zote tano. Nilipomfuata alishangaa kwelikweli. Alidhani shughuli ile imekwisha. Ningesema "I take my child to school at eight", asingekuwa na la kudhani.

Kosa hili tumelibeba kutoka darasani. Tuliambiwa "-na-" ni "am, is, are" pamoja na "-ing", basi. Lakini "nafanya kazi usiku" kwa Kiswahili ni ya sasa hivi na ni ya kila siku, na anayekusikiliza huipambanua mwenyewe kutokana na mazungumzo. Mwenye Kiingereza hana subira hiyo. Ukimwambia "I am living with my brother", anaelewa umejishikiza kwa kaka yako, bado unatafuta pako. "I live with my brother" ndiyo makazi. "I am working nights" ni siku hizi tu, na "I work nights" ndiyo kazi yako. Fikiria mtu anayejaza fomu ya nyumba kwa sentensi hizo.

Kinachoniuma ni kwamba tulikuwa nayo "hu-" muda wote. Huamka, hulala, husoma. Haisemi jana wala kesho, inasema mazoea. Haibagui nafsi pia: mimi huamka, wewe huamka, wao huamka. Kiingereza nacho karibu kifanane nayo: I wake, you wake, they wake. Anayesumbua ni mmoja tu, yule wa "he", "she" na "it", anayedai "s" yake: wakes, goes, studies. Mwalimu angeanzia hapo, tungeingia kwenye lugha ya watu tukiwa na cha kushikilia. Mazoezi yangebaki kwenye ile "s" moja.

Wengi siku hizi tunasema "huwa naamka" badala ya "huamka". Sawa tu, tena inasaidia zaidi. Wageni wanaofika mimi huwaambia hivi: kabla hujafungua mdomo, jaribu kuweka "huwa" mbele ya sentensi yako. Ikikaa vizuri, achana na "-ing". Kipimo hiki hakifiki kote. "Najua" na "nataka" ni "I know" na "I want" hata kwa dakika hii hii, na hizo ni za kukariri. Lakini kwa kueleza siku yako kinatosha.

Penye shida kubwa zaidi ni kukanusha, kwa sababu "hu-" haina ukanushi wake. "Huenda" na "naenda" zote zikikanushwa zinakuwa "siendi". Kiingereza hapo kinataka uchague: "I don't go" ni kawaida yako, "I am not going" ni safari hii. Niliwahi kumsindikiza mwenzetu hospitalini, mtu ambaye hajaonja pombe maisha yake yote. Akaulizwa: "Do you drink?" Akajibu kwa heshima zote: "I am not drinking." Nesi akainua kalamu, akamuuliza ameacha tangu lini. Yule bwana akanigeukia, uso umembadilika, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, nimesema nini?" Nikamwambia nesi, "He doesn't drink." Ile "s" imehamia kwenye "does" na kitendo kimebaki kitupu, ukisema "doesn't drinks" umeiweka mara mbili.

Na mimi yangu iliyoniingia moyoni ni ya mama. Kazini wakati wa mapumziko tulikuwa tunazungumzia wazazi. Nikasema: "My mother used to wake up before everybody." Nilikuwa nakumbuka utoto wangu, alivyokuwa akiamka kabla yetu sote. Mwenzangu akaweka kikombe chini, akanishika bega, akanipa pole ya msiba. "Used to" ni ya mazoea yaliyokoma, na mimi nilikuwa nimemsema mama yangu kama mtu aliyekoma. Nimeondoka kwake miaka mingi, kwa hiyo kila chake nimezoea kukiweka zamani, kana kwamba kule kulisimama siku niliyopanda ndege.

Nikamrekebisha mwenzangu: "She wakes up before everybody." Ile "s" niliitamka nikaisikia.

Jioni nilipiga simu. Mama akapokea, akauliza mbona napiga siku isiyo ya kawaida. Nikamuuliza, "Mama, bado huwa unaamka wa kwanza?"

"Sasa nani mwingine ataamka, mwanangu?"