Namba ya 01 na Roketi ya Ariane

Mwaka 2019 namba za simu zinazoanza na 01 zilipoingia Kenya, mfumo wa oda niliokuwa nimeuandika ulianza kuzikataa. Mteja anaandika namba yake halali, anajibiwa kwa maandishi mekundu: "Namba si sahihi." Kosa lilikuwa kwenye mstari mmoja wa programu, ulioamini kwamba simu ya mkononi lazima ianze na 07. Niliuandika kwa kazi nyingine, ukafanya vizuri, nikawa nauhamishia kila nilikoitwa.

Wanaopenda kujenga mifumo kwa vipande vilivyo tayari watasema kosa langu ni kunakili. Wana hoja. Ningekuwa na moduli moja, yaani kipande kimoja cha programu kinachotumiwa na mifumo yote, ningerekebisha mahali pamoja, nisingezunguka kote kama fundi bomba. Wazo lenyewe ni la zamani: mtaalamu wa kompyuta Doug McIlroy alilieleza mwaka 1968 kwenye mkutano wa NATO huko Garmisch, Ujerumani, akitaka programu ziwe na vipuri vinavyozalishwa kama vya kiwandani. Na kuna mambo sibishani nayo kabisa. Nikimkuta kijana anabuni njia yake mwenyewe ya kuficha nywila, namzuia. Achukue maktaba iliyopo, yaani programu ambayo wengine wameshaiandika kwa kazi hiyo.

Ila moduli ya pamoja isingeijua 01. Ingekosea kila mahali kwa mpigo. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 ilisambaratika angani sekunde 40 hivi baada ya kuruka. Programu yake ya kupima mwelekeo ilirithiwa kutoka Ariane 4, ilikofanya kazi bila shida. Ariane 5 ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya mlalo, namba ikazidi nafasi ya biti 16 (tarakimu 16 za 0 na 1) iliyotengewa, kompyuta ikazima. Ile ya akiba, yenye programu ileile, ilikuwa imeshazima. Kinachouma ni kwamba hesabu iliyotoa namba hiyo haikuwa na kazi yoyote kwa Ariane 5 ikishaondoka ardhini.

Kwa hiyo nikiambiwa kipande "kimeshajaribiwa", nauliza kilijaribiwa wapi, kwa namba za nani. Moduli yangu sasa imeandikwa juu kabisa: "Kenya tu, 01 na 07." Mwenzangu wa Dar es Salaam aliichukua ili asipoteze muda, akasoma mstari huo, akakumbuka wateja wake wa 06. Akaiacha, akaandika yake.