Tuanze na Mtungi wa Oksijeni, Chemba Ifuate

Baridi ya Juni na Julai inapokaza huku Molo, Kuresoi na Mau Summit, jiko la makaa huingizwa ndani, madirisha yakafungwa, na gesi yenye sumu ya kaboni monoksidi ikajaa chumbani bila rangi wala harufu. Anayesoma kuhusu chemba za oksijeni yenye shinikizo, yaani vyumba vilivyofungwa ambamo mgonjwa wa sumu hiyo huvuta oksijeni kwa shinikizo kubwa, atatamani Kaunti ya Nakuru inunue moja mara moja. Mimi ningetaka fedha hizo zifike kwanza kwenye zahanati, kwa mitungi ya oksijeni.

Gesi hiyo huishika himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mgonjwa akivuta hewa ya kawaida, huchukua takriban saa 4 hadi 6 kiasi chake damuni kipungue kwa nusu. Akivishwa barakoa yenye mfuko, inayompa oksijeni karibu tupu, ni kama saa moja na nusu au pungufu. Ndani ya chemba, ni dakika 20 hadi 30 tu. Tofauti hiyo inavutia, lakini chemba haiji Molo. Mgonjwa ndiye anayesafirishwa kwa saa kadhaa, na kama amevaa barakoa njia nzima, gesi nyingi itakuwa imekwisha kutoka kabla hajafika.

Watetezi wa chemba watajibu, na wana haki, kwamba hoja yao ni ubongo, kwa sababu kumbukumbu na akili huweza kuvurugika siku au wiki kadhaa baada ya mtu kuonekana amepona. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 uliona matatizo hayo, baada ya wiki 6, kwa asilimia 25 ya waliotibiwa kwenye chemba, dhidi ya 46 ya wenzao waliopewa oksijeni ya shinikizo la kawaida. Ule wa Australia wa 1999 haukuona faida yoyote. Kwa aliyezirai au mjamzito, daktari bado ana sababu ya kuifikiria.

Kinachonitia hofu zaidi ni kile kifaa cha kubana kidoleni, kinachopima oksijeni damuni. Aina ya kawaida haitofautishi oksijeni na kaboni monoksidi, hivyo huweza kuonyesha asilimia 98 kwa mtu anayekosa oksijeni, naye akapewa dawa ya kichwa na kurudishwa nyumbani. Mhudumu akiambiwa kwamba nyumba nzima imeamka na kichwa kinachogonga na kichefuchefu, aulize kuhusu jiko, afungue mtungi papo hapo, ndipo aandike barua ya rufaa.