Kabla ya kulipia laptopu ya Linux, iwashe kwa flashi yako

Muuzaji wa Kariakoo aliishika flashi yangu kwa ncha za vidole. "Kaka, hii haina virusi?" Nikamwambia ina Debian tu (aina ya Linux, mfumo endeshi unaotumika badala ya Windows), nataka kuijaribu mashine kabla sijatoa hela. Akaguna, kisha akanisogezea ThinkPad T470, laptopu ya mtumba. Nikabonyeza F12, nikachagua flashi, na haikuchukua muda nikawa natafuta waifai ya duka la jirani.

T470 ni ya mwaka 2017, na nyingi zina prosesa ya Intel ya kizazi cha 7. Windows 11 haizitambui rasmi, na Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mtu wa Linux hiyo ni neema: mashine ya ofisini iliyoundwa imara, RAM unaongeza mwenyewe kwa bisibisi, na karibu kila kilichomo ndani kina draiva, yaani programu ya kukiendesha, ndani ya kerneli (kiini cha Linux) tangu zamani.

Wanaopenda kununua mpya nao wana hoja, tena nzito. Mtumba hauna dhamana ya maana. Betri imeshachakaa, na kwa umeme wetu huu betri ndiyo nusu ya laptopu. T470 nyingi zina skrini ya pikseli 1366 kwa 768, hafifu hata ukiwa kivulini. Ila mimi mpya ilishaniumiza. Ilikuwa ya bei nafuu, chapa yake nisiitaje. Ubuntu, aina nyingine ya Linux, iliingia vizuri, waifai haikuonekana. Draiva yake ilikuwa mtandaoni, na mtandaoni ndiko nilikoshindwa kufika! Nikaunganisha simu kwa waya wa USB, nikaishusha, ikafanya kazi wiki kadhaa. Kerneli iliposasishwa, waifai ikapotea tena. Tangu hapo sijali sana "core i ngapi". Nauliza kwanza kadi ya waifai ni ya nani.

Hapo ndipo wanapoingia wenye msimamo mkali wa programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, na siwacheki kama zamani. Kadi za Intel, ninazozipenda kwa kuwa hazisumbui, hazifanyi kazi bila fimwea, yaani programu inayopakiwa ndani ya chipu yenyewe, na msimbo wake Intel haiuonyeshi. Debian walibishana juu ya jambo hili miaka mingi. Mwaka 2022 wakapiga kura, na kuanzia Debian 12, iliyotoka Juni 2023, fimwea hizo zikawekwa kwenye flashi rasmi ya kusakinishia. Bila uamuzi ule, kwa flashi rasmi T470 yangu pale dukani isingeona waifai yoyote. Anayetaka usafi kamili anaweza kutafuta ThinkPad X200 ya mwaka 2008, aiwekee Libreboot, ambayo ni programu huria, badala ya BIOS ya kiwandani (programu inayoiwasha mashine), na kadi ya zamani ya waifai ya Atheros inayotumia draiva ya ath9k, isiyohitaji fimwea ya kupakia. Inawezekana, watu wanafanya. Lakini prosesa yake ni Core 2 Duo, ya zamani: fungua kurasa kumi za intaneti uone feni inavyolia. Kwa mwanafunzi mwenye laptopu moja tu maishani, siwezi kumshauri hivyo. Kwa mwandishi anayehofia kuchunguzwa, huenda ningemshauri.

Kadi za picha za NVIDIA nazipita haraka: kama huchezi magemu wala huhariri video, chagua picha za Intel au AMD uepuke kero.

Pale dukani nilijaribu sauti, kamera, vitufe vya mwanga, kisha nikafunga mfuniko na kuufungua baada ya dakika tano. Iliamka. Ya pili aliyonionyesha, ya bei ya chini zaidi, iliomba nywila ya BIOS ambayo hata yeye hakuijua, bila shaka imebaki huko huko ofisini ilikotoka. Nikamrudishia. Ile ya kwanza ina betri mbili, moja ndani na moja ya kuchomoa. Nilipozikagua, ya ndani ilikuwa imebaki na asilimia 71 ya uwezo wake wa awali, ya kuchomoa 38. Ya ndani nikaikubali. Hiyo nyingine tukaanza kuitolea hesabu kwenye bei.