Gugumaji la Winam lina nafasi yake kwenye kongamano la nyuklia

Asubuhi hiyo tuliamka tukakuta maji hayaonekani. Jioni iliyotangulia palikuwa peupe, mashua zikipita. Usiku upepo uligeuka, na kulipokucha ghuba nzima ilikuwa kijani kwa gugumaji, ule mmea unaoelea, tangu ufuoni hadi macho yanapokomea. Wavuvi walikaa siku tatu wakingoja upepo ugeuke tena. Aliyekulia kando ya Ghuba ya Winam, kwenye Ziwa Victoria upande wa Kenya, ana kisa kama hiki, pengine vitano.

Kisa hicho kimekuwa kikinirudia tangu Kenya ilipoanza kuitaja Siaya, kaunti ya kando ya ziwa hilohilo, kama mahali panapofikiriwa kujengwa kinu cha kwanza cha umeme wa nyuklia, baada ya wakazi wa Uyombo, Kilifi, kuupinga mradi huo kwao. Mimi siupingi umeme wa nyuklia. Nataka tuuendee kwa akili zetu wenyewe, na mahali pa kuanzia, kwa maoni yangu, ni kwenye kongamano la wahandisi.

Lipo kongamano linaloitwa ICONE, la kimataifa la uhandisi wa nyuklia. Wahandisi mitambo wa Japani na Marekani walilianzisha Tokyo mwaka 1991, kisha Wachina wakaungana nao. Mwaka 2023 lilikuwa Kyoto, 2024 likahamia Prague. Humo mhandisi anasimama mbele ya wenzake na mchoro wa bomba moja tu, anaeleza kwa nini lilipata ufa, na mtu wa safu ya nyuma anamuuliza kipimo hicho cha shinikizo amekitoa wapi. Pana hata shindano la mada za wanafunzi.

Sisi huku tumezoea mikutano ya aina nyingine. Nairobi ilipokea mkutano wa nyuklia wa Marekani na Afrika mwezi Agosti 2024, na Kigali ikafuata na wake katikati ya 2025. Siidharau, kwa sababu fedha na sheria haziji zenyewe. Lakini kwenye mikutano hiyo tunakutana na wauzaji, na muuzaji hawezi kukuuliza swali ambalo wewe mwenyewe hujalileta.

Tumekuwa upande huo wa kuuziwa kwa muda mrefu. Kongamano kubwa la kwanza la matumizi ya amani ya atomiki lilifanyika Geneva, Agosti 1955, Homi Bhabha wa India akiwa mwenyekiti. Vikao vya kisayansi vilikuwa na kumbi zao na maonyesho yalikuwa na ukumbi wake. Katika kongamano la pili, mwaka 1958, Wamarekani walionyesha kinu kidogo cha utafiti kiitwacho TRIGA. Mwaka uliofuata kinu cha aina hiyo kikawashwa katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa ya leo, nacho kikawa cha kwanza barani Afrika. Kongo, iliyokuwa imetoa urani ya Shinkolobwe kwa bomu la Hiroshima, ilipelekewa kinu ikiwa bado koloni, bila Mkongo kuulizwa anakitakia nini.

Sasa turudi kwenye gugumaji. Kituo kikubwa cha nyuklia hugeuza takriban theluthi moja tu ya joto lake kuwa umeme. Theluthi mbili zinazobaki lazima zitolewe, na kama kituo kinapoozwa kwa maji yanayovutwa na kurudishwa ziwani, kinu cha megawati 1,000 huhitaji tani 40 za maji au zaidi kila sekunde. Ukikizima, joto halikomi. Mara tu kinapozimwa fueli bado inatoa asilimia 6 hivi ya nguvu yake ya awali, kisha inapungua, haraka mwanzoni, halafu polepole kwa siku na wiki. Hitaji la maji hupungua sana, ila haliishi. Kwa hiyo mdomo wa bomba la kuvutia maji ni mahali pa heshima, na kila kinachoelea mbele yake ni jambo la usalama.

Wafaransa wanalijua hili. Desemba 2009, katika kituo cha Cruas kando ya mto Rhône, mimea iliyochukuliwa na maji iliziba machujio, na kinu namba 4 kikakosa maji yake ya kupoozea kwa takriban saa kumi. Hakuna aliyedhurika, kwa kuwa walikuwa na akiba ya maji na watu waliojua la kufanya. Scotland, Juni 2011, yavuyavu wengi waliziba njia ya maji huko Torness na vinu vyote viwili vikazimwa. Hayo ni majani ya mto na yavuyavu wa msimu. Gugumaji la Winam linaweza kufunika maili nzima kwa usiku mmoja, na miaka ya tisini liliusumbua hata mtambo wa umeme wa Owen Falls, Jinja.

Nimewahi kuambiwa kwamba hayo yote mkandarasi atayajua, ndiyo kazi yake. Sikubali. Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko na tsunami vilipoipiga Japani, kituo cha nyuklia cha Onagawa kilikuwa karibu na kitovu cha tetemeko kuliko Fukushima Daiichi, na bado kilisimama, kwa sababu kilijengwa karibu mita 15 juu ya bahari. Vinu vinne vya kwanza vya Fukushima Daiichi vilikuwa mita 10. Aliyeshikilia kimo hicho cha Onagawa miaka mingi kabla, wengine wakiona ni gharama ya bure, ni Yanosuke Hirai, mhandisi mzaliwa wa mkoa huohuo wa Miyagi, aliyekuwa na kumbukumbu ya mawimbi ya kale kwa sababu ni mtu wa kwao.

Ombi langu ni dogo kuliko kinu. Vyuo vyetu viwape wanafunzi wawili watatu wa uhandisi miaka miwili, mashua, na vipimo vya upepo. Wapime gugumaji linasafiri kwa kasi gani, linazama kina gani likioza, na chujio la namna gani linaweza kulihimili. Halafu walipiwe nauli wakaiwasilishe mada hiyo ICONE, popote litakapokuwa, wakasulubiwe kwa maswali na wale wa Cruas na Torness. Kisha warudi na majibu kabla hatujatia saini yoyote.

Na wakianza, wapite kwanza Dunga, ufuo wa wavuvi karibu na Kisumu, wakakae na wazee wa mashua. Wale wanajua upepo gani huleta gugumaji na upi huliondoa, na majina yao yaandikwe kwenye mada pamoja na ya wanafunzi.