Plagi Nne, Soketi Moja Shimoni

Kubadilisha plagi, zile zinazotoa cheche ya kuunguza mafuta, za gari dogo la silinda nne ni kazi ya dakika arobaini, na mwenye mkono mwepesi huimaliza kabla ya hapo. Mimi niliianza saa tatu asubuhi na kuimaliza alasiri. Sehemu kubwa ya muda huo wala sikuwa nabadilisha plagi. Nilikuwa nimeinamia injini, jicho moja nimelifumba, nikiichungulia soketi yangu mwenyewe ya kufungulia plagi, iliyotulia chini ya shimo kama chura kisimani.

Gari lilishanilalamikia siku nyingi. Likiwa kwenye sailensa, yaani limesimama injini ikinguruma polepole, linatetemeka, likipanda mlima linasitasita, na mafuta yanakwisha upesi kuliko zamani. Plagi zilizokuwamo ni zile za kawaida, za ncha ya nikeli, ambazo huanza kuchoka zikikaribia kilomita 30,000. Za iridiamu zinaweza kufika 100,000. Zangu zilikuwa zimepita 30,000. Zimepita kwa kiasi gani, hilo ni siri ya ndoa kati yangu na gari.

Nilinunua nne mpya za nambari ileile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Hapo sikukosea. Ile nambari si pambo: ndani yake mna kipenyo cha nyuzi (ile michirizi ya kukazia), urefu wa nyuzi na kiwango cha joto ambacho plagi inaweza kukiondoa nchani mwake. Plagi yenye nyuzi ndefu kupita kipimo inaweza kukutana na pistoni, na katika mkutano huo anayefaidika ni muuza pistoni peke yake.

Nikapanga vifaa juu ya gunia: racheti, ekstensheni ndefu (fimbo ya kurefushia racheti), spana ya kumi kwa ajili ya boliti za koili zinazoipa kila plagi umeme, fila geji (vikaratasi vya chuma vya kupimia mwanya), tochi, na soketi ya plagi ya milimita 16 yenye mpira ndani. Mpira huo kazi yake ni kuishika kauri ya plagi ili isianguke ukiitoa au ukiiingiza shimoni. Wangu ulikuwa mpya na unashika kwelikweli. Ekstensheni, kwa upande mwingine, ilikuwa ya zamani, na ile gololi ndogo inayoizuia soketi isichomoke ilikuwa imelegea kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Mwenye akili angeviona vitu hivi viwili vikiwa jirani na angejua mwisho wake. Mimi niliona vifaa.

"Baba watoto, usisahau saa nane tunatoka," mama watoto akanikumbusha kutoka dirishani.

"Saa nne nitakuwa nimeshanawa mikono," nikamjibu, na boneti bado sijaifungua.

Injini ilikuwa baridi, kama inavyotakiwa. Hedi, kile kichwa cha injini plagi zinamofungwa, ni ya alumini na plagi ni chuma. Ukiing'oa plagi wakati injini ni ya moto, inaweza kutoka na nyuzi za hedi, na hapo kazi ya plagi imekuwa kazi ya hedi. Nikachomoa soketi za umeme za koili kwa kubana kile kikufuli cha plastiki. Plastiki iliyopikwa na joto la injini kwa miaka huvunjika ukiivuta kwa pupa, kwa hiyo bonyeza kwanza, ndipo uvute. Kisha boliti moja kwa kila koili, koili yenyewe ukiizungusha kidogo kushoto na kulia mpaka mpira wake uachie. Nikatoa zote nne kwa mpigo. Kwa gari la koili hilo lina nafuu, maana kila waya hufika kwenye silinda yake. Lakini kwenye gari la distribiuta, kile kigawa umeme cha magari ya zamani, ambako moto hutembea silinda 1, 3, 4, kisha 2, mtu aliyeshika waya nne asijue upi ulitoka wapi atakuwa na gari linalokohoa na kupiga mabaruti kwenye ekzosi. Huko unabadilisha moja, unarudisha waya wake, ndipo unagusa nyingine.

Chini ya kila shimo palikuwa na mchanga. Usipoutoa kabla ya kulegeza plagi, utadondokea ndani ya silinda na kuikwaruza. Hilo nalijua vizuri. Ndiyo maana nilijaza mapafu, nikaweka mdomo juu ya shimo, nikapuliza kwa nguvu zangu zote. Shimo lile halina mlango wa nyuma. Mchanga ulirudi ulikotoka upepo, ukaenea machoni, puani na kwenye meno.

Nikiwa katika hali hiyo akaingia jirani yangu, mzee aliyeendesha malori mpaka akastaafu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unalia?"

"Vumbi, mzee."

"Pole." Akaipindua ndoo, akaketi.

Nikaenda kuchukua pampu ya baiskeli, nikaifungia mpira mwembamba mdomoni, nikausukuma upepo mpaka chini ya shimo huku uso wangu ukiwa mbali. Mashimo yote manne yakawa safi. Mzee akatazama pampu, akanitazama mimi, hakusema kitu.

Plagi za zamani zilitoka salama. Iliyokaza sana hailazimishwi: unailegeza robo mzunguko, unairudisha kidogo, unailegeza tena, huku umeitonesha mafuta ya kulainisha kutu. Tatu zilikuwa na rangi ya kahawia iliyopauka, yaani zinaunguza vizuri ila ncha zimelika mpaka zikawa mviringo. Ingekuwa nyeusi ya masizi makavu, ningeshuku mafuta yamezidi kipimo cha hewa na kwenda kutazama chujio la hewa. Ingekuwa nyeupe yenye vipele, ningeshuku joto limezidi. Ya nne ilikuwa na oili kwenye nyuzi na juu ya kauri, lakini nchani ni kavu. Hiyo oili haitoki kwenye silinda. Inavuja kutoka juu, kwenye sili za tapeti kava, ule mfuniko wa juu wa injini. Niliinyonya kwa kitambaa kabla ya kuing'oa plagi, nikajiandikia akilini kununua gasketi. Mpaka leo imeandikwa hukohuko akilini.

Sasa zile mpya. Kitabu cha gari langu kinataka mwanya wa milimita 1.1 kati ya ncha ya katikati na ule ulimi wa pembeni. Nikazipima zote nne kwa fila geji, moja baada ya nyingine, bila haraka, kama daktari wa meno. Ya kwanza ikaingia. Ya pili ikaingia. Ya tatu ikaniponyoka mkononi, ikapiga sakafu ya saruji, ikaruka, ikajiviringisha chini ya gari.

Nikalala kifudifudi, nikaivuta kwa fimbo ya ufagio, nikaigeuza kwenye mwanga. Kauri haina ufa. Nikaipuliza, nikaifuta kwenye shati.

"Imeanguka hiyo," mzee akasema.

"Haina kitu, mzee. Kauri nzima."

"Haya."

Kauri niliitazama. Mwanya sikuutazama, kwa sababu nilikuwa nimeupima dakika mbili tu zilizopita, nami si mtu wa kurudia kazi.

Kuingiza plagi kunataka vidole, si msuli. Unaiweka ndani ya soketi, unaiteremsha kwa ekstensheni pekee bila racheti, unaizungusha kwanza kinyume mpaka uhisi imedondoka kidogo kwenye mwanzo wa uzi, ndipo unaanza kuikaza kwa mkono. Ikigoma katika mizunguko miwili ya mwanzo, imeingia mshazari. Itoe, anza upya, usiilazimishe. Ikishakaa, hapo ndipo racheti inapohusika. Plagi mpya yenye washa (ile pete laini ya kuziba) hupewa nusu mzunguko mpaka theluthi mbili, ule ukazaji unaoibana washa ikalala. Plagi iliyowahi kufungwa, washa yake imeshalala, hivyo kiduchu tu kinatosha. Mwenye spana ya kupimia nguvu afuate kipimo cha kitabu. Kwa nyuzi za milimita 14 kwenye hedi ya alumini huwa karibu na Nm 25. Sikuwa nayo, nikatumia nusu mzunguko na dua.

Ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote zikakaa. Ya nne nikaikaza, nikasikia raha ya mtu aliyemaliza, nikavuta juu.

Ekstensheni ikaja. Soketi haikuja.

Nikairudisha ekstensheni, ikalia *tiki*, nikavuta. Ikaja peke yake. Nikarudia mara sita, kila mara nikivuta kwa mtindo tofauti: kwa ghafla, kwa upole, kwa kuvizia. Mpira ulikuwa umekumbatia kauri, na gololi yangu iliyochoka haikuwa na ubavu wa kuamulia.

Nikatengeneza ndoano kwa waya wa kutundikia nguo. Soketi nje ni laini kama yai. Ndoano ikakosa pa kushika. Nikang'oa sumaku ndogo ya mlango wa kabati, nikaifunga uzi, nikaiteremsha. Hesabu yangu ilikuwa kwamba hedi ni alumini, na sumaku haishiki alumini, kwa hiyo itashuka moja kwa moja mpaka kwenye soketi. Hesabu nzuri, ila kwenye injini hii kuta za shimo ni bomba la chuma lililogongelewa ndani ya hedi. Sumaku ilishuka kidogo tu, ikaruka ukutani, ikaganda. Nikavuta uzi. Fundo likafunguka.

Sasa shimo lilikuwa na wapangaji wawili.

"Baba watoto, saa saba hii."

"Namalizia!"

Sumaku haikunisumbua sana: niliingiza ekstensheni, nayo ikaiacha bomba na kuning'inia kwenye chuma kipya bila kubembelezwa. Lakini kila nilipoitoa na kuitazama soketi kule chini, nilihisi nayo inanitazama.

"Kijana," mzee akasema hatimaye, "una tepu nyeusi ya umeme?"

Ninayo. Akachukua ekstensheni, akazungusha tepu raundi moja kwenye kile kichwa cha pembe nne, akakisukuma kwa nguvu ndani ya soketi mpaka kikakaza. Kisha akavuta wima, huku akikitingisha kulia na kushoto ndani ya ule ulegevu mdogo wa soketi, bila kuinamisha, maana ukiinamisha kauri inapasuka. *Pwop!* Soketi ikatoka.

"Mzee, umekaa hapo muda wote huo! Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Halafu nilitaka kuona sumaku inafika wapi."

Akautoa mpira ndani ya soketi kwa bisibisi, akanikabidhi. Yeye huutumia kuteremshia plagi na kushikishia uzi tu. Akifika kwenye kukaza, anaitoa soketi, anauchomoa mpira, anairudisha ikiwa tupu. Asiye na muda wa hayo afunge tepu pale ekstensheni inapoungana na soketi kabla hajaanza.

Nikarudisha koili, boliti, soketi za umeme. Nikawasha gari. Likawaka, likaanza kutetemeka kuliko siku zote za maisha yake, na taa ya injini ikawa inapepesa. Taa hiyo ikikaa imewaka tu, unaweza kwenda nayo taratibu mpaka kwa fundi. Ikipepesa, kuna silinda inakosa moto vibaya, mafuta yasiyoungua yanakwenda kwenye katalisti, kile kisafisha moshi cha ekzosi, na kuiunguza. Nikazima mara moja, nikachomeka kile kimashine kidogo cha kusoma kodi za hitilafu. P0303. Kodi hizi hazina mwenye nyumba, lakini utazilipa. Tarakimu ya mwisho ndiyo silinda: ya tatu.

Nikahesabu moja, mbili, tatu, nikahamisha koili ya hapo nikaibadilishana na ya jirani yake, nikafuta kodi, nikawasha. P0303.

"Umehesabu kutoka wapi?" mzee akauliza.

Kutoka kwenye giaboksi. Silinda ya kwanza katika magari mengi madogo iko upande wa mikanda, na langu halikuwa tofauti. Nikihesabu kinyume, ya tatu inakuwa ya pili. Nilikuwa nimempima asiyeumwa. Nikahamisha koili ya tatu ya kweli, nikaipeleka silinda ya kwanza. Kosa lingehama nayo, likawa P0301, ningejua koili imekufa. Likabaki P0303. Basi koili haina hatia, imebaki plagi.

Nikaitoa. Nikachukua fila geji, karatasi ya 1.1 haikuingia. Nikajaribu ya 0.5. Nikajaribu nyembamba kuliko zote. Ulimi wa pembeni ulikuwa umelalia ncha ya katikati. Cheche inataka mwanya wa kurukia, na hapo palikuwa pamefungwa, umeme ukipita kimyakimya kama mgeni asiyebisha hodi.

Mzee hakusema "nilikuambia". Alikohoa tu.

Ulimi wa nikeli unaweza kuunyanyua taratibu ukarudi kipimoni, tofauti na ncha nyembamba ya iridiamu ambayo huvunjika ukiichokonoa. Lakini kauri iliyopiga saruji inaweza kuwa na ufa ndani ya chuma, usioonekana, na plagi hiyo ikakugeuka ukiwa mbali na nyumbani. Nikaiweka kando, nikachagua nzuri kuliko wenzake kati ya zile za zamani, nikaisafisha, nikaifunga kwa kiduchu kile cha washa iliyolala. Nikafuta kodi, nikawasha. Gari likatulia kwenye sailensa kama limetiwa dawa ya usingizi.

Tuliondoka saa tisa. Mama watoto alikaa kimya mpaka tulipofika barabara kubwa.

"Linavuta vizuri kweli. Kumbe plagi zote nne zilikuwa zimechoka?"

"Nimebadilisha tatu."

"Si ulinunua nne?"

Nikawasha indiketa, ingawa hatukuwa tunakata kona.