Nani kamwiba mhariri wa picha?

Kila runinga ya kimataifa ikifungua ofisi Nairobi, lawama ni ile ile: wamekuja kuvuna wasipopanda. Yalisemwa mwaka 2012, CCTV ya China (siku hizi CGTN) ilipoanza kurusha matangazo kutoka jijini humo, ikiwa na sura tulizozizoea kwenye stesheni za nyumbani. Yakasemwa tena 2018, BBC ilipopanua ofisi yake.

Uchungu huo naujua. Mtangazaji akihama, kiti chake hupata mwingine. Akihama mhariri wa picha, utamjua kwenye taarifa ya saa moja usiku: msomaji yuko kwenye bajeti, picha ni za mafuriko, na jina la waziri limekaa chini ya uso wa dereva wake. Na stesheni iliyomlea hailipwi hata senti, tofauti na klabu ya mpira inayouza mchezaji.

Ila aliyeondoka alikuwa na mkataba gani? Nenda mashinani uwaulize wanaolipwa kwa stori. Mtu anapanda bodaboda alfajiri na kamera mgongoni, anarekodi, anatuma. Stori isiporuka hewani, nauli imemtoka mwenyewe. Huyo akipata mshahara wa kila mwezi na bima ya watoto, tumwite msaliti? Anayemlilia leo alikuwa na miaka ya kumwajiri.

Tena ujuzi wa runinga haujawahi kutulia nyumba moja. Runinga ya Kiarabu ya BBC, iliyokuwa na mtaji wa Saudia, ilifungwa Aprili 1996. Novemba hiyo hiyo Al Jazeera ikaanza Doha, na wengi wa walioiwasha walikuwa wale wale walioachwa bila kazi London. Miaka kumi baadaye ilipoanzisha idhaa ya Kiingereza, ilimchukua hata David Frost, gwiji wa BBC. BBC haikufa.

Wasiwasi wangu uko kwa anayeajiriwa. Al Jazeera America ilianza Agosti 2013. Aprili 2016 taa zilikuwa zimezimwa. Septemba 2022 BBC ilitangaza kupunguza nafasi 382 katika idhaa zake za dunia. Uamuzi wa aina hiyo hukatwa mbali, na barua huja kwa baruapepe. Kwa hiyo rafiki yako akikuonyesha barua ya kazi, pita juu ya mshahara, mfungulie ukurasa wa kuvunja mkataba: notisi ni ya siku ngapi, na kesi itasikilizwa nchi gani?